Mshipa upi? Maswali yenu ya bega na mkono

Nilisema mwezi huu tutazungumza mgongo lakini nyie wenyewe mmeleta mabega, simu imejaa, na karibu kila alieandika kaandika neno hilohilo moja, mshipa. Mshipa umekaza, mshipa umepanda, mshipa umelala, kuna mmoja kasema mshipa umekimbia. Sasa mie nawauliza, mshipa upi? Mana sie kwa Kiswahili chetu mshipa ni wa damu, mshipa ni neva inayopeleka habari, mshipa ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa, na kwa wazee wetu mshipa ni ngiri vilevile. Vitu vinne jina moja, halafu mtu anaenda kukandwa. Kwahiyo leo kila nnaemjibu nitamtaka anionyeshe kidole gani kimekufa ganzi na ni kitendo gani hasa mkono unakikataa. Hayo mawili yananambia mengi kuliko mshipa.

Na jengine, mie si dokta, mie mtu wa fiziotherapia, msije mkanitia maneno na wenyewe.

Assalaam alaykum dokta. Mie mama wa miaka 52, n'na sukari mwaka wa nane huu. Tangu mfunguo sita, siku za maulidi, bega la kushoto linaniuma, mwanzo usiku tu nikililalia, sasa halipandi kabisa. Kufunga sidiria mpaka nimwite mwanangu, nywele nshasahau kujisuka, hata buibui navaa kwa kutanguliza mkono mbovu. Nimekandwa kwa mafuta ya karafuu na bibi fundi kwelikweli, akalivuta mpaka nikalia, siku ya pili likazidi. Nimepiga picha wakasema mifupa mizima. Sasa huu mshipa gani? (Mama wa Makunduchi)

Waalaykum salaam mama'ngu. Mie siuoni mshipa hapo. Jibu umeliandika mwenyewe, umri wako, sukari, na huo mkono unaotangulia kwenye buibui. Hilo ni bega lililoganda.

Nikueleze bega lilivo kwanza, mana ukilijua utaacha kuvutwa. Chukua embe dodo uliweke juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Embe ni kichwa cha mfupa wa mkono, kisahani ni kile kishimo cha kombe la bega, na kishimo chenyewe hakina kina, kinagusana na robo mpaka thuluthi tu ya kichwa. Nyonga haiko hivo, nyonga ni mchi ndani ya kinu. Ndio mana mguu hauwezi kujikuna mgongoni na mkono unaweza. Tena mkono mzima umeungana na kiwiliwili mfupa kwa mfupa pahala pamoja tu, pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kifua, chini ya koo. Weka kidole hapo upandishe mabega utaona panacheza. Kwengine kote mkono umeshikwa na nyama.

Kinachozuia embe lisiporomoke kwenye kisahani ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukishika kichwa cha mfupa kwa kano zake, madaktari wanaiita rotata kafu, na chini yake kuna mfuko mwembamba unaokizunguka kiungo kizima, kapsuli. Huo mfuko kwa kawaida umelegea, chini kwapani unajikunja ili mkono ukipanda upate pa kunyookea. Kanzu ya mumeo iangalie kwapani, kuna kile kitambaa mafundi wanaita kikwapa. Fundi akikibana kikwapa, mtu hanyanyui mkono, hata awe na nguvu za punda. Basi bega lako ndio hivo, mfuko umevimba, ukawa mnene, ukasinyaa, kikwapa kimebana. Misuli mizima, mifupa mizima, ndio mana picha ikatoka safi. Picha ya eksirei inaona mifupa, mfuko haiuoni. Lakini umefanya vizuri kuipiga, mana kiungo kilicholika kinaweza kujifanya bega lililoganda.

Ujipime hivi. Simama, bana visugudi vyote viwili mbavuni, pale mkono unapokunjika, vikunje, gumba juu, halafu fungua mikono kwa nje kama unafungua mlango wa mbao mbili. Mkono mzima utafunguka, mbovu utagoma palepale. Sasa mwite mwanao ausukume polepole, kama na yeye anagota palepale ulipogotea wewe basi ni kapsuli. Ingekuwa yeye anaunyanyua vizuri tu mpaka juu na wewe ukiachiwa unaanguka, ningesema kano imechanika, na hilo safari yake nyengine kabisa.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye kioo. Mkono ukipanda mpaka juu kabisa ni nyuzi 180, katika hizo kiasi cha 120 zinatoka kwenye kiungo chenyewe na 60 kombe la bega linateleza juu ya mbavu. Wewe kiungo kimekufunga kwahiyo unatumia zile za kombe peke yake, bega linapanda mpaka sikioni na shingo inakuuma jioni. Ile shingo si ugonjwa mwengine, inafanya kazi ya mwenzake.

Maradhi haya yanawapata zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye sukari kuliko wote, tena wenye sukari linawakalia muda mrefu zaidi na la pili linaweza kufuata. Jina la bega lililoganda alilitoa Codman, daktari wa Boston kule Marekani, mwaka 1934, Wajapani wao wanaliita bega la miaka 50. Linaanza na maumivu, halafu maumivu yanapungua lakini linagoma, halafu linaachia lenyewe polepole. Yote hayo mwaka mpaka mitatu. Najua si habari nzuri mama, lakini bora uijue, mana watu wanahama mganga mmoja kwenda mwengine, wa mwisho bega likamuachilia mkononi ndo anapewa sifa.

La kufanya sasa. Asikuvute mtu. Sina ugomvi na wakandaji, bibi yangu mwenyewe alikuwa mkandaji, lakini mfuko uliovimba ukiuvuta kwa nguvu unavimba zaidi, umeshaona. Kanda kwa kitambaa cha moto, halafu inama ushikilie meza kwa mkono mzima, mbovu uache uning'inie uuzungushe duara dogo kama unakoroga uji. Halafu simama karibu na ukuta upandishe vidole kama kaa anapanda, pale panapovuta simama, hesabu mpaka kumi, shuka. Halafu lala chali shika mpini wa fagio kwa mikono miwili, mkono mzima umsukume mwenzake nje. Mara tatu kwa siku, na kipimo chake ni hivi, ukimaliza maumivu yakikaa zaidi ya nusu saa umezidisha. Muulize na daktari kuhusu sindano ya kiungo, inasaidia hasa kwenye kipindi hiki cha maumivu, ila mwambie una sukari, mana ile sindano inaipandisha kwa siku kadhaa na utahitaji kupima mara kwa mara.

Salamu kutoka Konde. Mie nachuma karafuu. Wiki ya tatu sasa bega la kulia nikinyanyua mkono upande linanikata hapa katikati, nikishapita juu linaacha, nikishusha linanikata tena palepale. Mshipa?

Kano. Juu ya kile kichwa cha mfupa kuna paa la mfupa, ligonge kwa kidole nchani mwa bega utalisikia, na kati ya paa na kichwa inapita kano ya ule msuli wa juu katika wale wanne niliomwambia mama. Mkono ukiwa kati ya nyuzi 60 na 120 ndio pahala pake pa kubanwa, kabla na baada inapata nafasi. Na wewe siku nzima uko juu ya mkarafuu, mkono mmoja umeshika tawi mwengine unavuta kikonyo juu ya kichwa, yaani umeikalisha hapohapo kwenye banio kutwa.

Najua unalipwa kwa pishi, sikwambii uache. Jisogeze karibu na kikonyo badala ya kukifuata kwa mkono, badilisha mkono, na ukishuka fanya zoezi la kuvuta mpira wa baiskeli ulofungwa kwenye nguzo, kisugudi mbavuni, vuta ndani na vuta nje. Ukipata usiku usioweza kulala, au mkono ukashindwa kabisa kupanda, nenda ukaangaliwe kama haijachanika.

Mambo dada. Mie kipa, miaka 20, Chake. Mwaka jana niliruka kudaka nikaangukia mkono uko juu, bega likatoka mbele. Wazee wa uwanjani wakanilaza mmoja akatia kisigino kwapani akavuta likarudi. Toka hapo lishatoka mara nne, ya mwisho niko kitandani natafuta simu chini ya mto tu. Wanasema mshipa umelegea nijifunge kitambaa.

Poa mdogo wangu. Umenichekesha na umenisikitisha, bega kutoka kwa kutafuta simu.

Rejea kwenye embe na kisahani. Ukingo wa kile kisahani umezungushiwa gegedu laini linaloongeza kina kidogo. Mara ya kwanza lilipotoka, na mabega karibu 95 katika 100 hutokea mbele kama lako, liling'oa ule ukingo kwa mbele. Bankart, daktari wa London, aliliandika hilo mwaka 1923 na mpaka leo donda hilo lina jina lake. Kwa mtu mzima wa makamo likirudi mara nyingi hukaa, kwa kijana wa umri wako ukingo haushiki tena pahala pake na wengi linawarudia, kila likitoka linausaga kidogo ukingo wa kisahani chenyewe. Kitambaa hakishoni kitu, kinakukumbusha tu usinyanyue mkono.

Kuhusu kisigino kwapani, wazee wako hawakukizua, Hippocrates wa Ugiriki alishakieleza zaidi ya miaka 2000 nyuma, na kinarudisha kweli. Tatizo langu na kisigino ni kinachopita humo kwapani, mshipa mkubwa wa damu wa mkono mzima na fungu lote la neva zinazotoka shingoni. Kuna neva moja inazunguka shingo ya ule mfupa kama mtu anaekumbatia nguzo, ndio inayolisha msuli wa bega na ngozi yake. Jipime, pitisha ncha ya kalamu nje ya mkono, juu kidogo ya pale kepteni anapovaa kitambaa chake, linganisha kulia na kushoto. Kama la kuumwa ni zito hisia zake, au bega limekonda limekuwa bapa, neva iliguswa, na umwambie daktari. Ndio mana sie tunataka hiyo hisia ipimwe kabla ya kuvuta na baada, na picha ipigwe, mana pengine mfupa umevunjika na anaevuta hajui.

Anzia hospitali ya hapohapo Chake, uombe rufaa kwa daktari wa mifupa, umwambie mara tano. Mara tano si ya mazoezi peke yake, utaambiwa habari ya kushona ule ukingo. Mpaka hapo usikae langoni, na mkono usiupeleke juu na nyuma kama mtu anaetaka kutupa jiwe, huo ndio mkao linaoutaka likitoka.

Mwandishi, mara kisugudi mara kivi, wengine kiwiko. Nyie watu wa afya toeni neno moja watu waelewe. (Maalim mstaafu, Mkoani)

Maalim shikamoo. Una haki, lakini mie siwezi kuwapangia watu. Kivi na kisugudi ni pale mkono unapokunjika, hapo hatugombani. Kiwiko ndio balaa, kuna wanaosema ndio kisugudi na kuna wanaosema ni pale panapokaa saa. Mie mwenyewe nilishamshika mgonjwa pale penye saa dakika nzima namkunja namkunjua nashangaa haumwi, kumbe yeye kwao kiwiko ni kisugudi, kanyamaza kwa adabu. Toka siku ile kabla sijamgusa mtu namwambia onyesha kwa kidole. Hata neno mkono lenyewe linaanzia begani mpaka kwenye kucha, mtu akinambia mkono unauma ni sawa na kunambia anakaa Unguja.

Dada, mie nashona kofia za mkono, hizi za viua, mwaka wa kumi na tano. Usiku wa manane naamka vidole vimekufa ganzi vinachoma, nakung'uta mkono kama nnaekausha maji ndo vinarudi. Asubuhi sindano inaniponyoka. Nimeambiwa ni mshipa wa shingo. (Wete)

Shoga yangu, vidole gani? Hukusema, na hapo ndipo penye kesi yote.

Chukua sindano yako hiyohiyo, usitumie ncha, tumia upande wa tundu. Gusa kidole cha pete ubavu unaotazama kidole cha kati, halafu gusa ubavu unaotazama kidole cha mwisho. Kidole kimoja, lakini kwa watu wengi kina neva mbili, kila ubavu na yake. Kama ubavu wa kati ni mzito na wa kidole cha mwisho ni mzima, na gumba, shahada na cha kati navyo vizito, basi neva inayobanwa ni ile ya katikati na inabanwa pale penye saa. Shingo mara nyingi haigawi kidole cha pete nusu kwa nusu namna hiyo.

Pale penye saa kuna mifupa midogo minane imejipanga kama mtaro, juu yake umefunikwa na ukanda mgumu. Ndani ya mtaro zinapita kano tisa za kukunjia vidole na neva moja. Abiria kumi kwenye gari ndogo, likijaa tisa hawasemi kitu, analia mmoja. Ukishona kofia kifundo kiko kimekunjwa saa nzima vidole vinabana sindano, kano zinavimba, nafasi inapungua. Ukilala tena unakikunja kifundo chini ya shavu. Ndio mana usiku. Ukikung'uta unaipa neva nafasi, na huko kukung'uta kwenyewe ni dalili tunayoiuliza kila mgonjwa.

Usiku funga kifundo kiwe kimenyooka, kuna vifungio vinauzwa, na kama huna chukua kadibodi ngumu ilotiwa pamba ufunge kwa bandeji bila kukaza, wiki sita usiku wote usikose. Mchana kila nusu saa weka kofia chini nyoosha vidole. Kama una mimba sema, mana wajawazito wanapata haya na mengi huondoka baada ya kuzaa. Pima sukari na tezi ya shingo, zote mbili zinayaleta. Halafu tazama ile nyama ya chini ya gumba, weka viganja viwili pamoja ulinganishe. Ikiwa imebonyea upande mmoja usingoje kadibodi, neva inakufa, kuna upasuaji mdogo wanaukata ule ukanda na abiria wanapumua.

Na wale walioniandikia ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, nyie ni neva nyengine, ile ya nyuma ya kisugudi ukijigonga unapigwa shoti. Acheni kuegemea kisugudi kwenye meza na acheni kulala nacho kimekunjwa na simu sikioni, basi, wengi wenu dawa ndio hiyo.

Baba yangu ana miaka 61, mkono wa kushoto unakuwa mzito kutoka begani mpaka kidole cha mwisho, akisukuma baiskeli kupanda kilima. Akikaa chini unaacha. Jana kulikuwa na jasho. Fundi wa kukanda aje?

Hii sikungoja gazeti, nilimpigia kijana palepale wakaenda hospitali usiku uleule. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Angalia kitendo, mzee hakusema akinyanyua mkono unauma, kasema akipanda kilima. Mkono haupandi kilima, moyo ndio unaopanda. Neva za moyo na za upande wa ndani wa mkono zinaingia kwenye uti wa mgongo pahala pamoja, ubongo unapokea habari haujui imetoka mlango gani, unasema mkono. Kama hivohivo nyongo ikiwa na mawe inaweza kuuma bega la kulia, mana ile ngozi ya msuli wa pumzi na ngozi ya begani zinatumia neva za shingo zilezile.

Bega linalouma lakini unalizungusha pande zote na wala halibadiliki, lishuku kuwa si bega. Na uzito wa mkono wenye jasho, kifua kubana au pumzi kukata, hapo hapakandwi, panatafutwa gari.

Nilimshusha mwanangu wa miaka miwili na nusu kwenye daladala kwa kumvuta mkono mmoja. Akapiga kelele, mkono ukalala ubavuni, hataki hata pipi. Bibi yake akasema bega limeteguka. Kituo cha afya nesi akamgeuza kiganja akamkunja kisugudi, tak, baada ya dakika kumi anakula biskuti kwa mkono uleule. Ule uganga gani? (Baba, Jang'ombe)

Uganga wa kujua pa kugusa. Halikuwa bega, kilikuwa kisugudi. Kwenye kigasha, yaani kutoka kisugudi mpaka penye saa, kuna mifupa miwili, mmoja kichwa chake kimevishwa kano iliyo kama pete, ndani ya pete hiyo ndimo kinamozunguka ukigeuza kiganja juu na chini. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne pete bado laini, ukivuta mkono ulonyooka inateleza kidogo na kubanwa kiungoni. Hakuna uvimbe, hakuna kilichovunjika, mtoto anakataa tu kuutumia. Nesi kairudisha. Baada ya miaka mitano ni nadra kutokea. Mshusheni kwa kumshika makwapa, na ile michezo ya kumbembeza mtoto kwa mikono wajomba wawili muiache kwa sasa.

Lakini usijifunze kumgeuza mwenyewe, kwasababu kuna mwenzake anafanana nae kwa mbali. Mtoto wa miaka mitano, sita, saba, kaanguka kutoka kwenye mwembe, kaufikia mkono ulonyooka, kisugudi kimevimba. Huyo mfupa wa mkono wa juu umevunjika, juu kidogo ya kisugudi, na mbele yake ndipo unapopita mshipa wa damu unaolisha kigasha chote na kiganja. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Nimemuona mmoja, kafungwa mabanzi shamba, yamekazwa vizuri, safi, kwa nia njema kabisa, usiku kucha mtoto analia na wakubwa wanamwambia avumilie. Nilipomuona miezi baadae vidole vilikuwa vimekunjika kama kucha za ndege na kigasha kimekonda kigumu kama ubao. Uvimbe ulikuwa ndani, mabanzi nje, damu ikakosa pa kupita, na msuli ukikosa damu masaa sita tu unaanza kufa. Volkmann wa Ujerumani aliliandika hilo mwaka 1881, bandeji zilizokazwa kupita kiasi.

Basi mtoto akivunjika, uunge mkono kwa kanga shingoni kama ulivo, usinyooshe, usikande, muende. Na hata alofungwa plasta hospitali, usiku mnyooshe vidole taratibu. Akipiga kelele kupita kiasi, au vidole vimekuwa baridi, vyeupe, au hasikii ukimgusa, rudi usiku huohuo, usingoje kuche, na wakikwambia njoo kesho kaa hapohapo kwenye benchi.

Dada, kisugudi cha kulia upande wa nje kinaniuma mwezi wa pili huu. Nikikuna nazi taabu, nikikamua tui ndio usiseme. Mama mkwe anasema uvivu, mshipa wa uvivu. (Bi harusi wa mwaka jana, Bububu)

Hahaa, mshipa wa tano huo sikuuhesabu. Nyanyua birika lililojaa kiganja kikitazama chini, halafu linyanyue kiganja kikitazama juu. La kwanza linachoma, la pili una nafuu, au sio? Misuli inayonyanyua kiganja imeota kwenye kile kinundu cha nje cha kisugudi, na kila ukishika kitu kwa nguvu lazima ifanye kazi ili kifundo kisikunjike. Uko juu ya mbuzi, nusu nazi kiganjani unaikaza unaigeuza, mamia ya mara, halafu unakamua, kano inachoka pale inapoota. Wazungu wanaita kisugudi cha tenisi, jina la Uingereza la miaka ya 1880, nadhani kama wangepita Bububu wangeliita la nazi.

Wengi linaondoka ndani ya mwaka. Vitu nyanyua kiganja juu. Weka kigasha mezani kiganja kikining'inia nje ya meza kimetazama chini, shika chupa ya maji ya nusu lita, inyanyue kwa kusaidiwa na mkono wa pili halafu ishushe peke yake polepole ukihesabu tano, mara kumi na tano, asubuhi na jioni, wiki kumi na mbili. Kuuma kidogo ni sawa.

Na nazi za futari atakuna mumeo, mwambie mwandishi kaamrisha. Muonyeshe tu asikune mpaka kwenye kifuu, tui litatoka jeusi halafu lawama zirudi kwako.